Uzi: Tumekosa nyumba tatu Minneapolis, ya nne tumeikimbia, ya tano ndiyo tunalala. Soko la machipuko nililoliona

MamaWawili (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo nalipa deni.

Mwaka jana kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, mimi na mume wangu tulikuwa tunatafuta nyumba ya kununua hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na vitongoji vyake. Mimi nafanya zamu za usiku hospitalini, yeye anaendesha lori. Tulikuwa tumepanga kwa miaka saba na kodi inapanda kila tukisaini mkataba mpya. Naona watu wanaulizia humu tena mwaka huu, kwa hiyo nimeona niweke yote niliyopitia. Ni ndefu, chukua chai.

Kwa mlioko Dar au Mombasa: huku soko la nyumba lina msimu kama embe. Januari na Februari anayeuza ni mwenye shida, theluji iko magotini na hakuna anayetaka kuhamisha kabati kwenye barafu. Mwezi wa tatu ukifika mabango yanaota nje ya nyumba, na Aprili na Mei ni vurugu. Sababu kubwa ni shule. Minnesota nyingi kwa kawaida zinafunguliwa baada ya Labor Day, sikukuu ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na kila mzazi anataka awe ameshahamia. Benki inakula siku 30 hadi 45 kukamilisha mkopo. Piga hesabu kurudi nyuma, utaona kwa nini wote mnakutana kwenye mlango mmoja.

Utaratibu wa wiki ulikuwa hivi. Nyumba inawekwa sokoni Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi mnapita kwa zamu, mnapewa dakika 30, viatu mlangoni. Unatoka unakuta familia nyingine imekaa kwenye gari inakusubiri utoke, mnatazamana kama wake wenza. Jumapili jioni ndiyo mwisho wa kupokea ofa. Siku tatu, kwa kitu utakacholipa miaka 30!

Nyumba ya kwanza, Northeast Minneapolis, ya miaka ya 1920, ngazi za mbao zinalia. Tuliongeza dola 12,000 juu ya bei, akapata mwenye pesa taslimu. Ya pili tulishindwa na mtu aliyeacha ukaguzi kabisa. Ya tatu hata sijui, dalali wetu alipiga simu akasema tu "pole".

Ya nne, ya dola laki tatu na ushee, tulishinda. Hapo ndipo kisa kilipo.

Tuliiona mwisho wa Machi, paa lina theluji, bustani ina theluji, kila kitu cheupe na kizuri. Beisimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, imepakwa rangi mpya. Mume wangu alifurahi, kwamba wametunza. Mimi nilisikia harufu ya dawa ya kufulia na nikaona mashine ya kunyonya unyevu inafanya kazi, nikajisemea labda ni kawaida. Tukatoa ofa, ikakubaliwa, tukaweka kishika uchumba dola 4,000, na tulikuwa na siku saba za ukaguzi, ambamo tungeweza kujitoa.

Mkaguzi alikuja na tochi. Alishuka beisimenti, akapiga goti, akakwangua ile rangi ya chini kwa ukucha. Ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Mimi ni mtu wa Tanga, kuta zilizoliwa na chumvi nazijua tangu utoto, sikuhitaji kutafsiriwa. Akasema maji yanaingia kila theluji inapoyeyuka, na waliopaka rangi walijua. Halafu akapitisha kamera kwenye bomba la maji taka: bomba la udongo la zamani, limepasuka, mizizi ya mti imejaa ndani kama nywele. Mafundi wawili walitupa makadirio, la chini lilikuwa dola 9,000 kwa bomba peke yake, bila kugusa ukuta.

Tukajitoa ndani ya zile siku saba, kishika uchumba kikarudi chote. Nililia kwenye gari, siwafichi. Lakini yule aliyetushinda nyumba ya pili kwa kuacha ukaguzi, huwa namfikiria.

Ya tano nitaandika baadaye, nikitoka zamu.

---

kipanga77

Nimeweka kambi. Endelea mama.

---

Chinga wa Bunju

Dola laki tatu na ushee kwa nyumba ya mbao yenye maji chini? Kwa hela hiyo Bunju unajenga ghorofa na kisima na geti la umeme na chenji inabaki. Ndugu zetu huko mnateseka kwa kupenda.

---

MamaWawili

Chinga, kiwanja Tanga ninacho. Lakini hicho kiwanja hakiwapeleki wanangu shule kesho asubuhi. Na kodi niliyokuwa nalipa ilikuwa inamjengea mtu mwingine.

---

kipanga77

Chinga, acha nikupe hesabu ndipo uelewe kwa nini huku watu wanagombania. Shida si mbao. Shida ni kwamba wanaoweza kuuza hawataki kuuza.

Januari 2021 wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30, kwa takwimu za Freddie Mac (kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki), ulishuka hadi asilimia 2.65, chini kuliko wakati wowote tangu waanze kuhesabu mwaka 1971. Oktoba 2023 ukafika 7.79. Sasa chukua mkopo wa dola 300,000. Kwa 2.65 unalipa kama dola 1,209 kwa mwezi, bila kodi ya jengo wala bima. Kwa asilimia 7 unalipa kama 1,996. Nyumba ileile, bomba lilelile.

Mtu aliyechukua 2021 akiuza leo anunue nyingine, anaiacha ile riba mezani. Anakaa. Watoto wanabanana chumba kimoja lakini hahami. Wanaouza ni waliolazimika: kazi mpya, talaka, mzee amefariki, ngazi zimeshinda magoti. Ndiyo maana nyumba nzuri ya bei ya kati ikitoka Aprili inarukiwa na watu kumi.

Mimi ni mmoja wa hao wa 2021. Nina 2.875 na sitoki hapa hata kwa bunduki.

---

Bint Pangani

Mada nzuri. Naomba kuuliza na msinishambulie: kwa anayekwepa riba, kuna njia? Mume wangu amekataa katakata mkopo wa benki.

---

kipanga77

Ipo. Kuna kampuni zinazofanya kwa murabaha, yaani wao wananunua wanakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, mnalipana kidogokidogo. Nyingine ni ushirika, mnamiliki pamoja na unanunua hisa yao polepole. Kila mwezi unaweza kujikuta unalipa sawa na wa benki au zaidi, na mashehe wenyewe hawakubaliani ipi imesimama vizuri. Soma mkataba, mpelekee shehe unayemwamini kabla ya msimu, si Jumamosi usiku ofa inafungwa Jumapili.

---

Mzee wa Kisamvu

Mimi naongea upande wa pili, niliuza Mei mwaka juzi, Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis.

Kwanza dalali alikuja akazunguka nyumba nzima kimya. Akasema: toeni picha za familia zote, toeni nusu ya viti, pakeni kuta rangi ya maziwa. Halafu akasimama jikoni, akavuta pumzi, akauliza kwa adabu kama "kuna kitu kinapikwa mara kwa mara". Mke wangu ni mtu wa Ukerewe. Dagaa! Miaka tisa ya dagaa imeingia kwenye makabati. Tulifua mapazia, tukaosha kuta kwa siki, tukapigwa marufuku kukaanga chochote wiki mbili. Tulikula mkate na mayai ya kuchemsha kama wagonjwa.

Siku tatu za kuonyesha nyumba tulikuwa tunaishi kwenye gari. Unapigiwa simu, watu wanakuja baada ya dakika 40. Unakunja vitanda, unabeba mtoto na sufuria chafu kwenye buti, mnaenda kukaa maegesho ya duka mpaka waondoke. Mama mkwe alikuwepo kwa matembezi, hakuelewa kabisa kwa nini tunafukuzwa nyumbani kwetu na watu tusiowajua.

Tulipata ofa saba. Niwaambie siri ambayo wanunuzi hawaijui: ya juu kabisa tuliikataa. Ilizidi kwa dola 15,000 lakini mnunuzi alikuwa na kianzio kidogo sana, na dalali akatuuliza: mthamini wa benki akisema nyumba haifiki bei hiyo, huyu ataziba pengo kwa pesa ipi? Benki inakopesha kwa thamani ya mthamini, si kwa bei mliyopandishiana kwa mihemko. Tukamchukua wa pili.

Jambo jingine kwa wauzaji: ukiwa umeishi humo angalau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho, faida hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, au 500,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja, haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Nimekutana na watu wanaogopa kuuza kwa sababu hawalijui hili.

---

Nyandarua Finest

@Mzee wa Kisamvu umenivunja mbavu na hiyo ya dagaa 😂 Sisi tuliambiwa hivyo hivyo juu ya omena.

Niongeze kitu kilichonipata kusini mwa Minneapolis. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1920. Tukipitia makaratasi ya hati nikakuta kifungu cha zamani kinachosema mali hii isiuzwe wala kukaliwa na mtu asiye mzungu, wamewataja watu weusi na wengine kwa maneno ambayo sitayarudia. Mimi, jina langu la Kikuyu liko ukurasa wa mbele kama mnunuzi, kifungu kiko huko nyuma. Niliisoma mara tatu.

Nikaja kujua si nyumba yangu peke yake. Kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Mapping Prejudice, umechora ramani ya maelfu ya nyumba zenye vifungu hivyo kaunti hii ya Hennepin. Minneapolis vilianza 1910. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema 1948 haviwezi kutekelezwa na mahakama, jimbo likapiga marufuku kuandika vipya 1953, na 1968 ikaja sheria ya makazi ya nchi nzima. Havina nguvu tena lakini karatasi imebaki. Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili tamko la kukikataa kifungu hicho, na kuna mradi uitwao Just Deeds unaosaidia bure. Nilisajili. Hakifutwi kwenye kumbukumbu, ila tamko lako linakaa juu yake. Mke wangu aliuliza kwa nini najisumbua, nikamwambia ni nyumba yangu.

---

MamaWawili

Nyandarua, umenifanya nikachungulie hati yangu saa hii. Yangu ni ya 1956, sikuona kitu, ila nitaangalia kwenye ramani yao.

Haya, nimetoka zamu, nimalizie ya tano.

Brooklyn Center, nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, wanaziita rambla, zilijengwa nyingi baada ya vita. Vyumba vitatu, beisimenti kavu (safari hii nilikwangua mwenyewe). Tulijua tutakuwa watu wengi. Nikamwambia dalali wetu: kabla hatujaandika namba yoyote, mpigie dalali wa muuzaji umuulize wanataka nini. Akasema wanataka pesa, nani hataki. Nikamwambia uliza.

Kumbe wana binti anamaliza shule Juni, na nyumba wanayohamia haitakuwa tayari hadi katikati ya Juni. Hofu yao ilikuwa kuhama mara mbili.

Tukaandika ofa: tunanunua, tunakamilisha katikati ya Mei, nyie mnabaki humo bure hadi Juni 15. Niliuliza kwanza kwa mkopeshaji, maana mkopo wa nyumba ya kukaa mwenyewe kwa kawaida unakutaka uwe umehamia ndani ya siku 60. Tulikuwa ndani ya muda. Ukaguzi hatukuuacha, ila tuliufupisha uwe siku nne, na tukaandika kwamba hatutasumbua kwa vitasa na mabomba yanayodondosha, ni mambo makubwa tu. Bei tuliongeza dola 7,000.

Tulichaguliwa. Baadaye dalali wao alisema kulikuwa na ofa iliyotuzidi kwa kama dola 6,000. Mwezi mmoja wa kukaa bure ulitugharimu kodi ya fleti yetu ya zamani tu, ambayo tungeilipa vyovyote kwa sababu mkataba ulikuwa unaisha Juni.

Ukaguzi: paa zuri, bomba zuri, ila redoni ilisoma 5.8. Hii ni gesi isiyo na harufu inayotoka ardhini na inaleta saratani ya mapafu. Kiwango cha kuchukua hatua ni 4, na idara ya afya ya jimbo inasema nyumba 2 kati ya 5 zinakifikia au kukipita, kwa hiyo msishtuke, pimeni. Tuliweka bomba na feni ya kuitoa nje kwa dola 1,800, na muuzaji hatukumdai.

---

Dada wa Uvira

Jambo wote. Sisi tuko Saint Paul, tunaona nyumba Jumamosi hii, ofa mwisho Jumapili saa mbili ya usiku. Ni mara ya kwanza kabisa. Niko na maulizo: dalali alitupatia karatasi ya kusaini mbele ya kutuonyesha hata mlango. Ni kweli ama wizi? Na wanasema iko ripoti ya mji, basi ukaguzi hauna lazima.

---

MamaWawili

Dada karibu. Karatasi ni halali. Tangu Agosti 2024 madalali wa mfumo wao wa MLS (orodha yao ya pamoja ya nyumba zinazouzwa) lazima wasaini makubaliano na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba, na humo ndani lazima iandikwe analipwa kiasi gani. Soma mambo mawili: asilimia yake, na mkataba unadumu hadi lini. Vyote vinajadiliwa. Unaweza kusaini wa wiki moja au wa nyumba moja tu ukamwona kazi yake. Na waulizeni muuzaji kama atachangia malipo ya dalali wenu, wengi wanachangia.

Ripoti ya jiji ya hali ya nyumba ipo kweli, Minneapolis na Saint Paul zote zinamtaka muuzaji awe nayo. Isome, lakini yule anayeiandika hapandi paa wala hapitishi kamera kwenye bomba lako. Anayekuambia inatosha, muulize kamisheni yake inalipwa lini.

---

fundi_bomba

Nafanya kazi hii ya mabomba, Minnesota. Nyumba ya kabla ya miaka ya 1970 hivi, mti mkubwa mbele, bila kamera usinunue. Kamera ni dola mia mbili au tatu. Ukikosa siku za ukaguzi, omba mkaguzi atembee na wewe Jumamosi wakati wa kuona, wenyewe wakiruhusu. Na shuka chini uangalie shimo la pampu ya kutoa maji beisimenti: ukimwaga ndoo ya maji pampu iwake yenyewe. Msimu huu theluji inayeyuka, beisimenti inayokuwa kavu sasa hivi ni ushahidi mzuri kuliko cheti chochote. Aliyenunua Februari hana bahati hiyo.

---

Mzee wa Kisamvu

Dada wa Uvira, moja la usalama. Ukikaribia siku ya kusaini utapata barua pepe ya jinsi ya kutuma kianzio. Wezi wanadukua barua pepe za madalali, wanakutumia akaunti yao kwa jina lilelile, nembo ileile. Pesa ikienda haionekani tena. Piga simu kwa namba uliyopewa ana kwa ana mwanzoni, si ile iliyo kwenye hiyo barua. Jamaa wa kanisani kwetu alibakiza dakika tu, mke wake ndiye aliyegundua herufi moja imezidi.

---

kipanga77

Na usipige hesabu ya mkopo peke yake. Kodi ya jengo huku inalipwa Mei 15 na Oktoba 15, benki inaikusanya kila mwezi ndani ya malipo yako. Ikipanda, malipo yanapanda hata kama riba haijabadilika. Mimi mwaka wa pili niliongezewa dola 140 kwa mwezi nikadhani wamekosea. Ukishahamia, peleka ombi la hadhi ya mkaazi (homestead, yaani nyumba unaishi mwenyewe) kaunti, mwisho Desemba 31. Wengi wetu tunasahau tunalipa zaidi mwaka mzima bure.

---

Chinga wa Bunju

Kwa hiyo unanunua nyumba halafu bado unalipa kodi ya kukaa kwenye nyumba yako. Sawa. Mimi nimekaa kibarazani, upepo wa bahari, nawasoma tu 😂

---

Bint Pangani

Chinga hicho kibaraza kina hati au bado mnasubiri upimaji?

---

Chinga wa Bunju

Dada usiingie huko.

---

Dada wa Uvira

Nirudi na habari. Jumamosi tuliona. Nyumba ni mzuri, miti mbili kubwa mbele kama fundi alisema. Dalali aliwauliza wenyewe wanataka nini: ni mzee mumoja, mke alikufa, anaenda kwa mtoto wake Arizona, anaomba tu asitoe vitu vyote vya gareji. Tuliandika: acha vyote, tutatoa sisi. Ukaguzi tuliweka siku tano. Tuliongeza 5,000, hapo ndipo nguvu yetu iliishia.

Leo asubuhi wamepiga simu. Tumekosa, mwingine alileta pesa taslimu. Lakini dalali wake amesema mzee aliuliza kama tunaweza kubaki wa pili, ule wa kwanza akiteleza. Tulisaini iyo karatasi ya kungojea.

Alhamisi iko ingine inatoka, karibu na Como. Nimeshaomba ruhusa kazini ya Ijumaa.

---

fundi_bomba

Como miti ni mikubwa. Nitumie anwani faragha, Ijumaa niko mitaa hiyo.